Taa za Kibirizi na swali la mtoto

Mtoto anayekulia karibu na mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, huzoea kuona taa za wavuvi katika Ziwa Tanganyika kabla hajajua kusoma. Usiku wa mbalamwezi hazionekani. Kwa nini?

"Dagaa wanapenda mwanga" ni jibu jepesi, tena linajipinga lenyewe: mwezi nao ni mwanga.

Jibu lenye uzito lina historia. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni kwenye mtumbwi, wakachota dagaa kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Karne ya 20 ikaleta karabai na nyavu kubwa za kuinua. Siku hizi kuna taa za betri. Kanuni ni ileile. Vijidudu vya majini hushinda kilindini mchana na kupanda usiku, nao dagaa huvifuata. Gizani, taa huwakusanya mahali pamoja. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa hiyo hupoteza nguvu. Mwashie mtoto tochi chumbani gizani, kisha umwashie hiyohiyo juani. Ataelewa, na hakuna ukweli uliopunguzwa.

Vijidudu hivyo navyo vinahitaji rutuba, lakini kina cha ziwa kinafikia mita 1,470, na rutuba yake nyingi imelala chini hadi upepo wa kiangazi uyavuruge maji. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba joto linalopanda linadhoofisha mchanganyiko huo, na chakula cha samaki kinapungua.

Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Taa zilikosekana hata usiku wa giza, na safari hiyo mwezi haukuhusika.