Tijara ya Barafu katika Maziwa ya Massachusetts

Ni nadra katika taarikhi ya biashara kuona bidhaa isiyolimwa wala kuchimbwa wala kufumwa, ambayo tangu saa ile inapotiwa merikebuni huanza kumtoroka mwenyewe tone kwa tone. Na bidhaa hiyo ndiyo barafu, ambayo watu wa Massachusetts, kaskazini mashariki ya Marekani, waliikata katika maziwa yao katika karne ya 19 na kuisafirisha mpaka Havana, Calcutta na Madras.

Aliyeianzisha tijara hii ni Frederic Tudor wa Boston, aliyezaliwa mwaka wa 1783, ambaye mnamo Februari 1806, huku watu wa mji wake wakimcheka, alipeleka tani zipatazo 130 za barafu kisiwani Martinique; na kwa kuwa huko hapakuwa na ghala la kuihifadhi, nyingi iliyeyuka, naye akapata hasara kubwa. Baadaye alitiwa kifungoni kwa sababu ya madeni, wala hakukata tamaa, kwani alikuwa ametambua mambo ambayo wenziwe hawakuyatilia maanani. Aliona kwamba merikebu za Boston zilizokwenda kusini kutafuta sukari aghalabu ziliondoka bila ya shehena, zimetiwa farumi ya mawe, na kwa hiyo wenyewe wangeridhika na nauli ndogo kuchukua barafu mahali pa mawe; na kwa kujaribu mara kwa mara akajua pia kwamba unga wa mbao, uliokuwa taka tu katika viwanda vya kupasulia magogo vya Maine, huzuia joto vizuri kuliko majani makavu.

Kwa sababu hiyo watu wamempa Tudor jina la mfalme wa barafu, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mwenye kuichungua biashara hii mpaka kiini chake ataona kwamba ujasiri wa tajiri usingalifaa kitu lau si maarifa ya watu waliosimama juu ya ziwa katika siku chache za baridi kali ya Januari na Februari, siku ambazo juma moja tu la mvua au la joto lisilotazamiwa liliweza kuzifisidi zote.

Maji yana tabia yake: yakipoa huwa mazito na kuzama, mpaka yafikapo nyuzi 4 juu ya kiwango cha kuganda, kisha yakizidi kupoa huwa mepesi na kubaki juu, na ndiyo sababu ziwa huganda kuanzia usoni. Barafu ikiisha kushika hunenepa kwenda chini usiku baada ya usiku, ila theluji ikiifunika huchelewa, kwa kuwa theluji huizuia baridi isiyafikie maji. Basi kazi ya kwanza ilikuwa kuikwangua theluji kwa mbao pana zilizokokotwa na farasi. Na mara kwa mara barafu ilitobolewa ili kupima unene wake, kwani iliyokusudiwa safari ndefu ilitakiwa iwe nene, ngumu na safi, isiyo na mapovu ndani yake.

Zamani barafu ilikatwa kwa shoka na msumeno, vipande visivyolingana, vikaacha nafasi baina yao ghalani, na hewa iliyopita humo ikaviyeyusha. Mwaka wa 1825 Nathaniel Jarvis Wyeth, aliyesimamia kazi ya Tudor katika ziwa la Fresh Pond, karibu na Cambridge, alibuni plau ya kukokotwa na farasi, yenye safu mbili sambamba za meno ya chuma, moja ikikata mfuo mpya na ya pili ikipita katika mfuo uliokwisha katwa, hata uso wote wa ziwa ukagawanywa katika miraba iliyo sawasawa. Plau haikukata mpaka chini. Palibakizwa tabaka, kisha watu wakaimalizia kazi kwa misumeno na mitaimbo, wakavisukuma vipande kwa pondo zenye kulabu katika mfereji wa maji uliofunguliwa katikati ya barafu, hata penye ghala, vikapandishwa na kupangwa pamoja bila ya mwanya, kuta za ghala zikiwa maradufu na zimeshindiliwa unga wa mbao.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Farasi walipigwa viatu vyenye meno wasiteleze, na shingoni wakafungwa kamba yenye kitanzi. Farasi akitumbukia, wachungaji wake waliikaza kamba upesi mpaka pumzi ikazuilika kifuani, ili mwili uelee wapate kumvuta, kisha wakailegeza na kumtembeza hima asife kwa baridi. Jambo la kikatili kwa macho, nalo ndilo lililomwokoa mnyama. Palikuwa pia na vijana ambao kazi yao ilikuwa kuondoa mavi ya farasi papo hapo, kwa kuwa barafu hiyo ilikuwa ya kutiwa katika vinywaji vya watu.

Katika majira ya baridi ya 1846 na 1847 mwandishi Henry David Thoreau, aliyekaa kando ya ziwa la Walden, aliwaona wahamiaji wa Ireland wapatao mia moja wakiletwa kila siku kwa gari la moshi kutoka Cambridge. Akaeleza kwamba siku njema waliweza kutoa tani 1,000, na kwamba lundo walilolifunika kwa majani na mbao, lililokadiriwa tani 10,000, halikuisha kuyeyuka mpaka Septemba 1848.

Mwezi wa Mei 1833 merikebu Tuscany iliondoka Boston na tani 180 za barafu, ikakata Ikweta mara mbili, ikafika Calcutta mwezi wa Septemba na zaidi ya nusu ya shehena yake. Biashara ya Massachusetts ilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki pia, kwani katika mwezi huo wa Septemba Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani huko Maskati, na mwaka wa 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Ziwa la Wenham, ambalo barafu yake iliuzwa hata London, liko maili chache tu kutoka Salem, mji ulioleta nguo ya merikani pwani yetu na kuchukua pembe na sandarusi.

Mwaka wa 1856 Boston ilisafirisha tani zipatazo 146,000. Kisha mitambo ya kutengeneza barafu, isiyongoja Januari, ikasimamishwa katika miji ile ile ya joto, na maziwa yaliyo karibu na miji yakachafuka. Hivyo tijara ikafifia, na ustadi wake ukatoweka pamoja nayo.

Mwenye kuandika taarikhi ya biashara ya bahari asianzie gatini, kwani shehena haianzi bandarini. Mkata barafu wa Fresh Pond, mchimba sandarusi wa Mrima na mpagazi aliyeshuka na pembe kutoka Unyamwezi walifanya kazi katika soko moja la dunia, ingawa hawakupata kuonana. Na kama majina ya matajiri yamehifadhiwa katika vitabu vya hesabu, ni wajibu wetu kuihifadhi kwa uangalifu huo huo habari ya kazi ya mikono ya wafanyakazi hawa.