Kihusishi mwishoni mwa sentensi za Kiingereza

Kihusishi mwishoni mwa sentensi ni muundo wa sarufi ya Kiingereza ambamo kihusishi kama vile *in*, *on*, *with*, *to* au *for* hakifuatwi na nomino wala kiwakilishi, bali hubaki peke yake mwishoni mwa kishazi. Muundo huu hupatikana hasa katika vishazi rejeshi, kwa mfano *the house I live in* ("nyumba ninayoishi"), na katika maswali, kwa mfano *Who are you waiting for?* ("Unamsubiri nani?").

Tangu karne ya 17 kumekuwa na waandishi na walimu waliouhesabu kuwa ni kosa. Wanaisimu wa leo wanaukubali kuwa ni sehemu ya kawaida ya Kiingereza.

Muundo

Sentensi *This is the knife* ("hiki ni kisu") na *She cut the meat with the knife* ("alikata nyama kwa kisu") zinaweza kuunganishwa kwa njia zifuatazo:

* *This is the knife with which she cut the meat.*
* *This is the knife which she cut the meat with.*
* *This is the knife that she cut the meat with.*
* *This is the knife she cut the meat with.*

Zote nne ni sahihi na maana yake ni moja: "hiki ndicho kisu alichokatia nyama". Ya kwanza ni rasmi zaidi. Ya mwisho ni ya kawaida katika mazungumzo.

Kanuni muhimu ni hizi:

* Kihusishi kikitangulia, kirejeshi kinachofuata huwa *which* kwa vitu na *whom* kwa watu. Kirejeshi *that* hakiwezi kufuata kihusishi, hivyo *the knife with that she cut the meat* si sahihi.
* Kirejeshi kikiachwa, kihusishi lazima kibaki mwishoni.
* Katika kauli ya kutendwa kihusishi hakihamishwi: *The doctor was sent for* ("daktari aliitwa").
* Vitenzi vinavyoshikamana na kihusishi, kama *look after* ("kutunza"), kwa kawaida havitenganishwi: *the child whom she looks after*.
* Baadhi ya vihusishi, kama *during*, kwa kawaida hutangulia: *the meeting during which he slept* ("mkutano ambao wakati wake alisinzia").

Historia

Muundo huu ulikuwepo tayari katika Kiingereza cha Kale, hasa katika vishazi rejeshi. Katika Kiingereza cha Kati ulienea zaidi, ukaingia pia katika kauli ya kutendwa. Lugha za Skandinavia, kama Kidenmark, Kiswidi na Kinorwe, zinao pia, lakini Kilatini, Kifaransa na Kihispania hazina.

Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa Ben Jonson kwa kumalizia sentensi kwa kihusishi. Baadaye Dryden alirekebisha sentensi za namna hiyo katika maandishi yake mwenyewe ya zamani. Wataalamu wengi huhusisha msimamo huo na heshima waliyopewa wakati ule Kilatini na sarufi yake.

Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuwa baadaye askofu wa London, aliandika katika kitabu chake cha sarufi kwamba muundo huu ni wa kawaida katika mazungumzo, ila kutanguliza kihusishi kunafaa zaidi katika maandishi mazito. Hakuupiga marufuku, lakini vitabu vya shule vya baadaye vilifanya ushauri wa aina hiyo kuwa katazo. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, alilieleza katazo hilo kuwa ni imani isiyo na msingi.

Ulinganisho na Kiswahili

Kiswahili hakiachi kihusishi peke yake mwishoni. Badala yake hutumia njia tatu:

* "Na" huungana na kiwakilishi: "rafiki niliyesafiri naye".
* Kitenzi huwekwa katika kauli ya kutendea: "kiti ninachokalia", "kalamu ninayoandikia".
* Virejeshi vya mahali -po-, -ko- na -mo- hutumika: "nyumba ninamoishi".

Tofauti hii huweza kuwaletea makosa wanafunzi wanaozungumza Kiswahili:

* Kurudia kiwakilishi, kwa mfano wa "naye": *the friend whom I travelled with him*. Sahihi ni *the friend whom I travelled with*.
* Kuacha kihusishi, kwa kuwa katika Kiswahili maana yake imo ndani ya kitenzi: *the pen I write*. Sahihi ni *the pen I write with*.
* Kuweka kihusishi mara mbili: *the house in which I live in*. Sahihi ni *the house in which I live* au *the house I live in*.

Kishazi huweza kukaguliwa kwa kukirudisha kuwa sentensi kamili. Kwa kuwa husemwa *I write with a pen*, kihusishi *with* hakiwezi kukosekana katika kishazi rejeshi, iwe mwanzoni au mwishoni.

Tazama pia

* Kihusishi
* Kishazi
* Kiingereza
* Kauli ya kutendea