Mabingwa wa Uwanda wa Kati Hulelewa

Barabara ya Dodoma kwenda Singida hupita Bahi, kisha Manyoni, ndipo ifike Ikungi. Kila ncha yake imeipa Tanzania bingwa wa marathoni. Juma Ikangaa, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1957, alishika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mara ya kwanza alizidiwa kwa sekunde moja tu. Mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya mbio hizo iliyodumu hadi 2001. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo Septemba 2025, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kati ya ushindi wa New York na ule wa Tokyo ilipita miaka 36. Ninashikilia kwamba katika miaka hiyo vipaji havikupungua. Kilichopungua ni malezi yake.

Wengi huona siri iko katika ardhi na maisha ya watu wake: ufugaji wa Wagogo na Wanyaturu, mwendo mrefu wa kwenda shule, hewa ya nyanda za juu. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Bahi iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na Dodoma ni kama mita 1,100, ilhali Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, unakaribia mita 2,400. Kama kutembea nyuma ya ng'ombe kungetosha, kila kijiji cha Ugogo kingekuwa na medali zake. Isitoshe, kizazi cha dhahabu hakikutoka mahali pamoja. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, alitoka Karatu. Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alitoka Musoma. Kilichowaunganisha ni wakati wao: taifa lilithamini michezo shuleni na majeshini. Bayi alikuwa askari, na Ikangaa alikuwa afisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Mtu anaweza kupinga kwamba mafanikio hayakukoma. Christopher Isegwe alipata fedha ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Helsinki mwaka 2005, na Samson Ramadhani dhahabu ya Jumuiya ya Madola Melbourne mwaka 2006. Ni kweli, lakini hao walikuwa wamekwisha kukua michezo ya shule iliposimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati huo ndiye angekuwa mkimbiaji kamili katika muongo uliofuata, na tangu Helsinki hadi shaba ya Simbu London mwaka 2017 Tanzania haikupata medali yoyote katika mashindano ya dunia. Sidai kuwa hiyo ndiyo sababu pekee, ila ni vigumu kuipuuza. Wala Simbu haipingi hoja hii, bali anaithibitisha: naye ni askari wa jeshi lile lile, mwenye ajira na muda wa kujifua.

Kwa hiyo wilaya kama Bahi haina haja ya kungoja muujiza wa damu au wa milima. Inahitaji mwalimu wa michezo aliyefunzwa katika kila shule, mashindano ya mbio yasiyokatizwa mwaka hata mwaka, na njia inayoeleweka ya kumtoa kijana kijijini hadi kwenye kambi yenye kocha na chakula cha uhakika. Halmashauri, walimu na wazazi wa Bahi wayadai haya sasa, kwa sababu bingwa wa mwaka 2040 yuko darasani leo.