Bungua na Mtuamo Wake

Vijitabu vya kilimo humpa kiwavi anayeharibu mahindi ya Kisii na Nyamira majina mawili: kipekecha shina na bungua. Nalitetea la pili. Kupekecha ni kuzungusha kijiti kati ya viganja hadi kitoboe, na kazi huishia kwenye tundu. Kubungua ni kula ndani kwa ndani na kuacha ganda. Pasua bua lililoshambuliwa, kule Keroka au Nyamache, ufuate njia yake kutoka pingili hadi pingili, imejaa kinyesi kama unga wa msumeno. Huko ni kubungua.

Wataalamu humwita Busseola fusca, mzawa wa Afrika aliyekula mtama na nyasi za porini kabla mahindi hayajaletwa kutoka Amerika. Pwani kwenye joto ametamalaki Chilo partellus, mgeni wa Asia. Milima ya Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ni ya Busseola.

Ila bungua ni mtoto. Mama yake, nondo mdogo wa kahawia, huruka usiku na kuficha mayai kwa makumi pale jani linapokumbatia shina. Baada ya wiki hivi watoto huanguliwa, hupanda kwenye majani machanga ya katikati na kuyatoboa, kisha huingia shinani. Mkulima amempa jina yule anayemwona akila. Mama ameachiwa neno nondo, linalobeba pia mla nguo na vyuma vya ujenzi. Napendekeza nondo-bungua, ili anayeruka na anayetafuna wajulikane kuwa ni mdudu mmoja.

Limebaki jambo gumu zaidi. Viwavi wanaokutwa na kiangazi hubaki ndani ya bua kavu, hawali wala hawakui, hata kwa miezi sita. Vitabu husema dayapozi. Usingizi haufai, kwani aliyelala huamka kwa saa yake, na huyu hungoja maji: mvua ikilowesha bua, hunywa, hugeuka pupa, na baada ya wiki mbili hivi nondo hutoka. Maji yaliyotulia bondeni tunasema yametuama, nayo husogea mvua ikija. Basi mtuamo.

Neno hilo lichapishwe kando ya picha ya mabua yaliyorundikwa ukingoni mwa shamba yakingoja kuwa kuni. Mabua hayo yapewe ng'ombe au yafukiwe kwenye mboji kabla ya mvua za Machi, kwa sababu nondo-bungua wa msimu ujao wametuama humo.