Herufi N ni ya nani? Vitufe vya mkato na ngeli zetu

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja anayefasiri programu ya kuchezea muziki aliniuliza swali lililonitoa jasho: "Mwalimu, nikishaandika 'unaofuata' kwenye menyu, kitufe chake cha mkato kibaki N?"

Swali hilo lilinirudisha kwa Winamp, iliyoundwa na Justin Frankel na Dmitry Boldyrev mwaka wa 1997. Sisi tuliosikiliza nyimbo kwenye saiba enzi hizo tunaikumbuka vyema. Vitufe vyake vikuu havikufuata herufi za maneno, vilifuata mkao. Kwenye skrini, kutoka kushoto, ulikuta wimbo uliotangulia, cheza, sitisha, simamisha, wimbo unaofuata. Kwenye safu ya chini ya kibodi, kwa mpangilio uo huo: Z, X, C, V, B. Basi! Kidole kilifuata picha, na Kiingereza hukukihitaji hata chembe.

VLC, iliyochipuka kutokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka wa 1996, ilishika njia nyingine. Kwenye Windows, S husimamisha, N huleta unaofuata, P hurudi kwa uliotangulia, M hunyamazisha sauti. Chimbuko ni Ufaransa, ila herufi ni za Kiingereza! Na Kiingereza chenyewe kina msongamano: maneno yake ya kucheza, kusitisha na kutangulia yote huanza kwa P. Kucheza na kusitisha vikawekwa kwenye kile kitufe kirefu cha nafasi.

Sisi tukiiga njia hiyo tutabanwa zaidi. Sitisha, simamisha, sauti: zote S. Unaofuata na uliotangulia zote U, maana ngeli ya wimbo hutangulia shina. Ukisema video, zote zinageuka I. Herufi ya kwanza ya neno letu mara nyingi hutaja ngeli, si tendo.

Mkao nao una dosari zake, jamani. Kwenye kibodi za Wafaransa na Wajerumani, Z iko safu ya juu, kwa hiyo ule mstari wa Winamp unavunjika. Hapa kwetu lakini tunatumia QWERTY.

Nilimshauri asiiguse N, kwa kuwa vidole vya watu vimeshaizoea, hasa vya wasioona, ambao hawana haja na kipanya. Aliponidokezea kwamba anaunda pia programu yake mwenyewe, nilichukua karatasi nikamchorea ile safu ya chini.