Kompyuta Kuukuu za Kasingirima: Nani Huamua Kwamba Mashine Imezeeka?

Likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa Ujiji, katika kata ya Kasingirima, nyumbani kwa dada yangu. Mwanawe anayesoma kidato cha tano aliniomba tufuatane hadi chumba kimoja cha kompyuta kilicho jirani na kwao. Chumba kina kompyuta nane za mezani, zote mitumba, na mteja hulipia kwa saa. Kijana alitaka kutazama video ya somo la kemia. Picha ilisimama, sauti ikaendelea peke yake kwa muda, kisha nayo ikakatika. Feni ya mashine ilikuwa ikivuma kama cherehani. Tulipohamia kompyuta ya pili, haikufungua hata ukurasa wa kwanza: kivinjari kilionya kwamba tovuti haikuwa salama, kikagoma.

"Mashine ni nzima, mwalimu," fundi aliniambia. "Ukiandika barua inaandika, ukipiga hesabu inapiga. Kinachoikataa ni hizo tovuti."

Mtu anayefundisha historia hawezi kulipita jibu kama hilo bila kusimama. Kwa kawaida tunasema kifaa kimezeeka pale kinapochakaa. Lakini hapa palikuwa na kifaa kisichochakaa ambacho kilitangaziwa uzee na watu walio mbali, wasiojua hata kama Kasingirima ipo. Makala hii inahoji nani ana mamlaka ya kutangaza uzee huo, na raia wa mji kama huu hulipa gharama gani tamko hilo linapotolewa.

Ujiji haikuanza jana kusubiri habari kutoka mbali. Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone hapa mwaka 1871, alimkabidhi mfuko wa barua uliokuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulikuwa umetumia takriban mwaka mzima kutoka Zanzibar. Livingstone alikuwa hajapata habari kwamba Mfereji wa Suez ulikwishafunguliwa mwaka 1869. Njia ya misafara ilikuwa ndefu, na kila aliyeishi mwisho wake alijua kwamba anaishi nyuma ya wakati wa wengine. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na hadi leo tunajiita, kwa fahari na kwa utani, watu wa mwisho wa reli.

Reli hiyohiyo ndiyo iliyoleta mashine ambayo kwangu ndiyo kipimo cha mjadala huu. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kisha Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakirudi nyuma vitani, lakini mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Kwa takriban miongo tisa ilibeba abiria, dagaa, mahindi na wakimbizi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia.

Liemba ilidumu kwa sababu kila kilichoharibika kingeweza kufikiwa na mkono wa fundi. Bamba lilipooza lilikatwa, lingine likachomelewa. Injini ilipochoka ilibadilishwa. Na maji ya Ziwa Tanganyika hayakubadili kanuni zake: meli iliyoweza kuelea mwaka 1927 iliweza kuelea mwaka 2007. Kompyuta ya Kasingirima haina bahati hiyo. Yenyewe ni ileile, ila bahari inayosafiria hubadilishwa kila mwaka na wenye bahari hiyo.

Kabla ya kuwalaumu hao wenye bahari, tujitazame pia sisi. Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Fedha za kigeni zilikuwa zimeadimika baada ya bei ya mafuta kupanda, na majaribio ya kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta yalikuwa yameleta vurugu badala ya nafuu. Kuna wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki, maana waliouweka uamuzi huo waliuliza swali ambalo leo hatuliulizi: mashine hii ikiharibika, nani ataitengeneza, na kwa fedha ya nani? Kosa halikuwa katika swali. Kosa lilikuwa kuufunga mlango badala ya kufundisha mafundi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. Marufuku ilipolegezwa, tulikuwa tumechelewa kwa kizazi kizima. Tukaingia sokoni kama wanunuzi wa kompyuta ambazo ofisi na shule za Ulaya, Marekani na Asia zilikuwa zimekwisha kuziacha.

Kwa hiyo, tangu mwanzo, shule nyingi na wafanyabiashara wadogo wa mikoani walianza na mitumba. Katika intaneti kafe za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hilo halikuumiza sana. Njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba hata kompyuta mpya isingefanya maajabu. Mawasiliano yalipitia satelaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa kobe. Mtu alisoma barua pepe kutoka kwa nduguye aliye Lubumbashi au Bujumbura, akajibu, akaondoka. YouTube yenyewe ilianzishwa mwaka 2005. Kisha mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, EASSy ukafuata mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukasambazwa mikoani. Njia ikapanuka. Tulidhani tatizo limekwisha.

Kumbe wakati njia inapanuka, mizigo nayo ilikuwa ikinenepa. Ukurasa wa kawaida wa tovuti, ambao mwaka 2011 ulikuwa chini ya megabaiti moja, leo unazidi mbili, na sehemu kubwa ya uzito huo si maneno anayoyasoma mtu bali picha na programu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta yake. Wakati huohuo, tarehe za kifo zilitangazwa moja baada ya nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari cha Chrome kiliiacha XP mwaka 2016 na Windows 7 mwaka 2023. Programu ya Flash, ambayo kwayo video nyingi za mtandaoni zilichezwa kwa miaka mingi, ilikoma mwisho wa mwaka 2020. Na tarehe 14 Oktoba 2025 zamu ikaifikia Windows 10, ambayo imo katika kompyuta nyingi za ofisi ambazo wasomaji wa safu hii huzifungua kila asubuhi.

Turudi kwenye video ya kemia. Video husafiri mtandaoni ikiwa imebanwa, na kompyuta sharti iifungue picha baada ya picha, ishirini na tano au thelathini kwa kila sekunde. Kompyuta nyingi za kuanzia mwaka 2008 hivi zina sehemu maalumu, ndani ya kadi ya michoro, inayofungua mbano uitwao H.264. Baadaye YouTube ilihamia mbano mpya zaidi, VP9 na kisha AV1. Mbano hizi hupunguza data inayosafirishwa, jambo ambalo mnunuzi wa bando angelishangilia. Lakini kompyuta isiyo na sehemu ya kuzifungua hulazimika kuifanya kazi yote kwa kichakataji chake kikuu. Ndiyo maana feni ilivuma na picha ikasimama: kifurushi kilikuwa kimefika salama, ila mpokeaji hakuwa na nguvu ya kukifungua.

Kompyuta ya pili ilikuwa na ugonjwa mwingine, mdogo na wa kufundisha zaidi. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa na tarehe umeme unapozimwa. Ikifa, kompyuta hurudi kwenye tarehe ya zamani kila inapowashwa. Tovuti za leo hujitambulisha kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Kompyuta inayodhani kwamba tupo mwaka 2009 huviona vyeti hivyo kuwa bado havijaanza kutumika, na hukataa. Yapo pia maradhi yanayofanana na hayo yasiyotibika kwa betri: tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichotumiwa na mamilioni ya tovuti kilifikia ukomo, na mashine zisizosasishwa zikajikuta zimefungiwa milango zisizojua nani amezifungia.

Fundi wetu alitoa betri mpya katika droo. Kwenye kompyuta ya kwanza alikuwa ameshaondoa Windows na kuweka Linux nyepesi. Sasa aliongeza kwenye kivinjari programu ndogo inayoiomba YouTube ilete mbano wa H.264, akashusha ubora wa picha hadi 360. Video ikatembea. Kijana akaandika maelezo yake. Kwa masomo mengine fundi ana Wikipedia nzima ya Kiswahili, aliyoihifadhi kwa programu ya Kiwix ili isomwe bila intaneti kabisa. Ila alitahadharisha, na ninairudia tahadhari yake: mashine yenye mfumo uliokwisha kuachwa isitumiwe kwa nywila za benki wala nyaraka za siri, kwa sababu matundu yake hayazibwi tena.

Nikiisimulia habari hii kwa wenzangu wa Dar es Salaam, hunijibu kwamba siku hizi kila mtu ana simu janja. Jibu hilo halitoshi. Simu nayo huzeeka kwa tamko lilelile, tena kwa kasi zaidi, na fundi wa Ujiji ana nafasi ndogo zaidi ya kuigusa ndani. Isitoshe, tasnifu haiandikwi kwa kidole gumba, wala hesabu za kikundi cha wavuvi.

Jambo hili ni la kisiasa. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizofungua njia katika Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Lilikuwa jambo la heshima kwa mji wa mwisho wa reli. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na ushiriki wa manispaa ukakoma. Wengi wetu tulilalamika, na tulikuwa na haki. Lakini hata kabla ya kujitoa kulikuwa na swali ambalo hatukuliuliza vya kutosha: uwazi unaowekwa mtandaoni humfikia nani? Leo maombi ya mkopo wa elimu ya juu na ya ajira Serikalini hufanyika mtandaoni. Bajeti na matangazo huwekwa mtandaoni, mara nyingi kwa video au kwa kurasa nzito. Tovuti ya umma isiyofunguka katika kompyuta ya miaka kumi na tano ni ofisi ya umma iliyohamishiwa ghorofa ya tano katika jengo lisilo na ngazi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa nina mambo matatu. Kwanza, kabla tovuti haijazinduliwa, ijaribiwe kwenye kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili, si kwenye kompyuta mpya ya mkandarasi tu. Pili, kila video ya umma iambatane na maandishi yake, kwa sababu maandishi hufunguka popote. Tatu, kompyuta za ofisi zilizoachwa na Windows 10 zisitupwe wala zisimwagwe mashuleni kama sadaka. Zikabidhiwe pamoja na mfumo mwepesi unaosasishwa na fundi aliyefunzwa. Wanafunzi na wanaharakati nao wadai haya kama wanavyodai barabara.

Wale waliokuwa wakiitengeneza Liemba hawakungoja ruhusa ya Papenburg. Walikuwa na karakana, vipuri na ujuzi, na walikuwa na mwajiri aliyeamini kwamba meli kuukuu inastahili kutunzwa maadamu watu wanaihitaji. Katika chumba cha Kasingirima ujuzi upo tayari, na karakana ni droo moja. Nilipomuuliza fundi anahitaji nini zaidi, hakutaja kompyuta mpya. Aliomba betri kumi, kumbukumbu za ziada kwa mashine nne, na tovuti moja ya umma, aliyonionyesha, ipunguziwe uzito. Betri nimeshamtumia. Hilo la tovuti ni letu sote.