Msimu wa WRC wa 2022
Msimu wa WRC wa 2022 ulikuwa wa 50 katika historia ya mbio za magari za ubingwa wa dunia wa rally, na wa kwanza kwa magari ya Rally1, ambayo wakati huo injini yake ilisaidiwa na mota ya umeme. Mashindano yalikuwa 13, kuanzia Monte Carlo hadi Japani. Kalle Rovanperä wa Finland, akisomewa njia na Jonne Halttunen, alitwaa ubingwa New Zealand tarehe 2 Oktoba, siku moja baada ya kutimiza miaka 22. Hakuna bingwa mdogo kuliko yeye. Ushindi wake mtamu zaidi, pengine, ni wa Safari Rally, Naivasha nchini Kenya, ambako vumbi laini la hatua ya Kedong humeza magurudumu na kukaba injini. Huko timu yake, Toyota, ilizoa nafasi zote nne za kwanza. Ubingwa wa watengenezaji pia ulikwenda Toyota.